Mahali Ambapo Maji Hayakatiki

"Baba, yamekatika."

Mtoto alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole. Alikuwa na miaka sita, na ndoo yake ndogo nyekundu mkononi. Mbele yake hapakuwa na bahari. Palikuwa na tope la kijivu, mawe yaliyoota majani, mashua mbili zimelala ubavu, na huko mbali kabisa mstari mwembamba unaong'aa.

Baba yake, fundi bomba kwa miaka kumi na miwili sasa, alishika kiuno. Asubuhi basi lilipoteremka kilima, si aliiona kwa macho yake? Imejaa mpaka ukingoni! Wamepewa chumba, wamekula, mtoto kalala kidogo, wanatoka saa nane, hakuna kitu. Maji yote yale yamekwenda wapi, jamani?

"Kagua koki, Fundi," alisema mkewe. Alikuwa mshona nguo, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake.

Fundi hakucheka. Kwao maji yalitoka Jumanne na Ijumaa, tena kwa bahati. Alikuwa amefunga mabomba ya nyumba za watu mtaa mzima, lakini la kwake lilikohoa upepo tu, mganga hajigangi. Mara ngapi alimwambia mtoto, "Kesho yatatoka"? Siku moja akamsikia akimnong'oneza mwanasesere wake: "Usimsubiri Baba. Baba husema tu." Maneno yale yalimchoma. Ndipo alipoahidi: likizo hii, siku tatu, nakupeleka mahali ambapo maji hayakatiki.

Sasa alichuchumaa, akabonyeza mchanga kwa kiganja kama anavyobonyeza ukuta wenye unyevu. Maji yakachuruzika kidogo. Akayaonja. Chumvi.

"Kuna mahali yanavuja," akasema.

"Bahari nzima?" Mkewe alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

Angeweza kuuliza mtu. Lakini fundi wa maji aulize habari za maji? Aibu hiyo angeiweka wapi?

"Twendeni tukayafuate."

"Una uhakika, Baba Watoto?"

"Maji ndiyo kazi yangu."

Wakayafuata. Wakaruka kijifereji, wakapita mashua. Mtoto alikuta kaa, akapiga kelele za furaha, akasahau kidogo kwamba amedanganywa. Fundi alitembea ameinamisha kichwa, akitafuta kasoro.

Walikuwa wamefika mbali walipokutana na mama mmoja wa makamo, kapu la chaza kichwani, anarudi kwa haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na mtoto? Rudini! Maji yanajaa."

"Nani kayafungulia?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Yule mama alimtazama juu mpaka chini. "Mwezi."

Fundi akainua uso. Jua likamchoma macho. "Mama, huu ni mchana."

"Na mimi nimekwambia mwezi. Haya, nifuateni, upesi!"

Kile kijifereji walichokiruka kilikuwa kimekuwa mto. Hakuna aliyesikia kikipanuka. Maji yalipanda kuelekea nchi kavu, kimyakimya, na Fundi alijua toka siku ya kwanza ya kazi kwamba maji huteremka. Hayapandi bila pampu. Alimweka mtoto mabegani, akaingia. Magotini. Mapajani. Mkewe alikuwa ameshika mkanda wake kwa nyuma, amekaza kwa mikono miwili.

"Baba, hutaniachia?"

"Sikuachii."

"Kweli, au unasema tu?"

Fundi alikamata miguu yake midogo kwa nguvu, akavuka.

Ufukweni mkewe alikaa chini, akikamua gauni lililolowa. "Maji ndiyo kazi yako, eti?"

"Leo sijui kitu, mke wangu. Sijui kabisa."

"Yataondoka tena usiku, asubuhi yatarudi," alisema yule mama, akijitwika vizuri kapu lake. "Kila siku ndivyo. Pumzikeni." Akaenda zake, akamwacha Fundi katikati, hajaamini, hajakataa.

Maji yalifika miguuni pao. Mtoto akaruka. "Baba kayarudisha! Mama, umeona? Kayafuata mpaka kayarudisha!" Akachota kwa ndoo yake, akakimbia hadi kibaraza cha nyumba ya wageni, akaiweka chini taratibu isimwagike. "Mama, lete beseni! Haraka, kabla hayajakatika!"

Mama mtu alimtazama mumewe. Kisha akainuka, akaleta beseni, jagi la chumbani, chupa mbili, hata kopo la mswaki. Vikapangwa kibarazani, vyote vimejaa maji ya chumvi yasiyofaa kunywa wala kufulia.

"Na kesho, Baba? Utayarudisha tena?"

Fundi alitaka kumwambia si yeye. Alitaka kumwambia kesho yatarudi yenyewe, lakini neno "kesho" alishalitumia sana nyumbani. Akageuza uso. Juu ya paa la nyumba ya wageni, mchana kweupe, mwezi ulikuwa umesimama, mwembamba, umepauka. Akaukodolea macho mpaka mtoto akamvuta suruali.

"Baba!"

Fundi alivua kiatu kimoja, akainama kuchota nacho.

"Tujaze kwanza," akasema.