Jenereta Iko Garaji

Kabla ya korona, nyumba yangu hapa Mount Druitt, ughaibuni, haikukosa watu. Serikali ilipotufungia ndani mwaka 2021, nikahamia kwa rafiki yangu Verdiane kupitia simu ya video, ingawa anakaa ng'ambo ya barabara tu. Yeye anaegemeza simu kwenye birika, mimi kwenye birika langu, tunapika huku tunasengenya.

Asubuhi moja dhoruba ilikata umeme mtaa mzima. Kwangu ilikuwa hasara ya nyama ya friji. Kwa Verdiane ilikuwa pumzi ya mama mkwe wake, Mama Goreth, ambaye mapafu yake yanategemea mashine ya oksijeni. Mchana, betri ya akiba ilipokwisha, mume wa Verdiane, Balthazar, akaleta jenereta ya rafiki yake wa mtaa wa St Marys. Ikanguruma, mashine ikaamka.

"Umeiweka wapi, shemeji?" nikauliza.

"Iko mu garaji, hapa pembeni ya jikoni, mlango wa nje nimeshusha. Goma waliniibia mbili."

"Hapa nani aibe, na polisi wamejaa barabarani?"

"Kawira, wewe uliibiwa barakoa kanisani."

Mama Goreth akacheka hadi akakohoa.

Balthazar aliwahi kufanya usafi kwenye mtambo wa umeme, kule nyuma ya milima. "Wanachoma makaa ya mawe, maji yanachemka, mvuke unazungusha mashine," akatuambia. "Hii yangu ni mtoto wake, inakunywa petroli."

"Na moshi?"

"Kule bomba la moshi ni refu kuliko ghorofa." Akapiga miayo, akaenda kuketi.

Nikamwaga habari ya ndoa fulani iliyovunjika, moto kabisa. Verdiane hakuitikia, na huyo si mtu wa kupitwa na umbea.

"Unasinzia?"

"Kichwa kinagonga. Hata Balthazar kinamuuma. Mama amelala."

Kwetu Meru majirani walilala na jiko la makaa chumbani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Kulipokucha tuliwabeba maiti; hewa ya sumu ya makaa ilikuwa imewaua.

"Verdiane, zima hilo dude. Fungua milango."

"Nikizima, mama atapumua nini?"

Akalaza kichwa mezani. Simu ikaanguka chali, nikabaki na dari lake.

Nilivuka barabara bila barakoa, bila viatu, huku nimepiga namba ya ambulansi. Nilipoinua mlango wa garaji, joto na harufu vikanipiga usoni. Nikazima. Balthazar alikuwa sakafuni jikoni, ananitazama kama hanijui. Nilimburuta Mama Goreth hadi kwenye nyasi, nikarudi kumchukua Verdiane. Balthazar akatoka akitambaa, akaisukuma jenereta nje, akaiwasha, akaanza kuvuta waya wa mashine ya mama yake. Haukufika. Akaendelea kuuvuta.

Wahudumu wa ambulansi walikuja wamejifunika mwili mzima. Verdiane alikuwa ameshazinduka; wakampima yeye na Balthazar, wakawaambia wabaki nje. Wakamvisha Mama Goreth oksijeni ya mtungi. Anapumua, wakasema, lakini hawakutaka kusema zaidi. Hospitali hairuhusu wageni, kwa hiyo Balthazar hakwenda naye.

Jioni tulikuwa bado kwenye nyasi tukingoja simu. Taa za sebuleni zikawaka, kiti cha Mama Goreth kikaonekana kwa mlango uliokuwa wazi.

"Umeme umerudi," Verdiane akasema.

Balthazar alikuwa bado ameshika waya. Hakuna aliyeinuka kuingia.