Mkono wa Mama Chiriku Wagoma Kuachia

Saa tisa alasiri, kwenye chumba cha pasi cha kiwanda cha kufulia, mkono wa kulia wa Mama Chiriku ulikataa kuachia pasi. Akachomoa waya kwa mkono wa kushoto, akavuta, akatikisa, wapi! Vidole havikufunguka. Na saa kumi na mbili alitakiwa kumchukua mwanawe wa miezi mitano kwa jirani.

Shangazi, mkunja mashuka ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, alitega sikio kwenye kiwiko cha mkono ule. Wavutaji waliomo ndani ya msuli walikuwa wanaongea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mnamfanyia nini mwenzenu?"

"Kazi yetu ni ile ile. Tunashika uzi, tunavuta kidogo, tunaachia, tunashika mbele yake. Tuko mamilioni, ndiyo mkono unakwenda. Ila kuachia ndiko kunakotaka chakula, na tangu Jumatatu cha mchana hakiji."

Jumatatu ndipo msimamizi alipofuta mapumziko ya mchana, eti mashuka yanarundikana.

"Na cha jioni?"

"Kinaenda kwenye maziwa. Hatulaumu, mtoto ni mtoto."

Shangazi alitoa kipande cha mkate alichokificha kifuani. Msimamizi akakinyakua, kwa kuwa makombo huchafua mashuka. Kisha akaupapasa ule mkono, akaridhika.

"Usioachia hauangushi," alisema. "Endelea, mama."

Jioni Mama Chiriku alikwenda nyumbani na pasi yake, ameizungushia taulo. Alimpakata mtoto kwa mkono wa kushoto, akamnyonyesha. Mtoto alishiba, akalala. Mama alipotaka kumlaza kitandani, mkono wa kushoto nao ukagoma.

Asubuhi alifika kazini, pasi kulia, mtoto kushoto. Wenzake walisogea kumpa nafasi.

"Watoto hawaruhusiwi humu," msimamizi alisema. "Mteremshe."

"Siwezi, bosi. Naogopa. Niruhusu nile kidogo tu, nitaweza kumteremsha."

Msimamizi aliangalia saa, akaangalia rundo la mashuka. Akaukagua mkono wa kulia, akauona hauna tatizo, akachomeka waya.

Pasi ilianza kupata moto. Chiriku, aliyekuwa ameamka, aliutazama mvuke, akacheka, akanyoosha mkono aushike.