Swichi ya Severini

Msamvu nzima ilimjua Yuliana kwa ufundi wa umeme, lakini alipoingia kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Sufiani kule Bigwa, ufundi wote ulimtoka, akawa mtoto tena. Aliamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Harufu ilikuwa ile ile ya mahindi yaliyopata moto. Na ukutani, katikati ya unga, ilikuwepo swichi aliyoifunga marehemu baba yake, Severini, aliyekuwa fundi wa mashine ile, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa kushikwa.

Aliipenda swichi ile, jamani! Utotoni, kila akitoka shule, alikimbilia pale kumngoja baba akate umeme, aone cheche ya buluu ikiruka. Akiikosa, alinuna mpaka ugali unapoa.

Severini naye hakuwa mtu wa haraka. Kwanza alizuia mahindi yasishuke, akafungua madirisha, akasubiri, kisha akaita kama anayeimba: "Vumbi limelala?" Wasagaji wote waliitikia, "Limelala!" Ndipo alipovuta mpini. Yuliana alidhani ni mchezo wa kumfurahisha yeye. Alikuja kuuelewa ukubwani, chuoni, siku mwalimu alipoeleza kwamba unga ukitanda hewani hulipuka kama petroli, na cheche moja yatosha kuling'oa paa.

Sasa mkaguzi alikuwa anakuja wiki ijayo, na kanuni haina undugu. Penye vumbi la unga, swichi ya kawaida haikai. Ama iwekwe nje, ama ifungiwe ndani ya sanduku zito la chuma, bolti zote zimekazwa, vumbi lisipate pa kuingilia. Mzee Sufiani alikubali yote, nyaya mpya, taa mpya. Ilipofika kwenye swichi akawa mbogo. Alisema miaka yote haikumdhuru mtu. Ikitolewa, yeye atabakiwa na nini cha rafiki yake? Na isitoshe, ajali haina kinga.

Ubishi ule ulimuuma Yuliana, maana alichokuwa akikiomba mzee ndicho alichokitaka yeye pia.

"Baba," alimwambia Mzee Sufiani, "mkanda wa mashine ukimnasa mtu mkono, nani atangoja vumbi lilale?"

Mzee aliutazama mkanda, akawatazama wasagaji wake wa siku hizi, watoto wa watu, wakishusha magunia. Akavua kofia.

"Itoe," alisema. "Ila uite kama baba yako."

Swichi mpya ilikwisha kufungwa uani, mbali na unga. Yuliana aliizima, akaitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni, asije mtu akamwashia umeme yeye yumo kazini. Akarudi ndani, akazipima nyaya, hazina umeme. Akaushika mpini palepale baba yake alipokuwa akishika.

"Vumbi limelala?" aliita.

Wasagaji walitazamana, wito ule hawakuujua. Mzee Sufiani ndiye aliyeitikia, peke yake, polepole.

"Limelala, mwanangu."

Akavuta. Cheche haikuruka. Alijua haitaruka, umeme alikuwa ameukata mwenyewe, na bado aliingoja.