Mwito wa Ng'washi

Kwa maneno ya Dorotea, anayewapikia madiwani chai, yule bwana wa kampuni ya malori hata kiti hakukitaka. Alisimama katikati ya kikao, akasema huu ni wakati wa soko huria, na soko halifungwi kamba miguuni. Ile sheria ya kuzuia malori yenye moshi mweusi kupanda mtaa wa mlimani itaua biashara. Mikono ikainuliwa. Sheria ikafa chai haijapoa.

"Na sambusa zangu akazisifia, shetani yule!"

Ng'washi aliendelea kushindilia udongo kwenye viriba vya miche. "Bwana Muganyizi? Huyu wetu?"

"Kwani unamjua mwingine mwenye shati la picha ya mti mgongoni?"

Wakati wa kiangazi Muganyizi ndiye aliyekuja huku Ilemela, akawaambia wanawake wa mtaa kwamba kampuni yake, inayounda malori ng'ambo, imeapa kulinda hewa ya dunia. Itapanda miti kati ya mawe, na itasimama nao mpaka ile sheria ipite. Wanawake walimsikiliza wakatawanyika. Udongo wa mlimani ni haba. Kila kiganja chake kina mihogo ya mtu.

Ndipo akamwomba Ng'washi awaite. Naye akawaita, maana mama yake, Suzana, kila lori likipanda alijiziba pua kwa kanga, na bado kifua kikapiga filimbi. Ila alikosea jambo moja. Angesema, "Kampuni inawaita." Yeye alisimama mlangoni kwao akapaza sauti kama ilivyo desturi ya kuitana kazini: "Mimi Ng'washi nawaita!" Mwito wa namna hiyo hauulizwi. Walikuja na majembe, wakang'oa mihogo ambayo haijakomaa, wakapanda miti ya kwanza mahali pake.

Mchana ule Muganyizi alifika na mpiga picha.

"Shikamoo, Bwana Muganyizi."

"Marahaba, binti! Miche imenawiri. Hebu shika huo, utabasamu. Wakubwa wa ng'ambo wakuone."

Ng'washi hakuushika. "Ulikwenda kwa madiwani kuipinga sheria?"

"Nani kasema?"

"Ulikwenda?"

Muganyizi alikung'uta vumbi kwenye suruali, taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili. "Mwanangu, miti ni miti, biashara ni biashara. Malori yanayotoa moshi ni yetu sisi, tuliyauza wenyewe. Nikiyafungia njia, nani atanunua mengine? Lakini ahadi ya miti si tumetimiza? Mti unakula moshi, ati."

"Mama yangu si mti, baba."

Mpiga picha alicheka, akidhani ni mzaha. Muganyizi naye akacheka, akamshika bega, akasema picha zitapendeza hata bila yeye. Zikapigwa. Gari lao liliposhuka, Ng'washi alijikuta bado anatazama alama za viatu vya Muganyizi kwenye udongo aliouchekecha asubuhi.

Kulipokucha wanawake walikuwa wamejaa kitaluni, majembe mabegani. Dorotea alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyemsalimu Ng'washi. Rebeka, mkubwa wao, ndiye aliyesema.

"Sisi Muganyizi hatumjui. Tulikuitikia wewe."

"Najua, mama."

"Kazi ya mwito haivunjwi na mtu mwingine. Uliita wewe, utangue wewe. Sema mwito ulikuwa wa uongo, tuing'oe hii miti yao turudishe mihogo, mvua isitupite."

"Na nikisema hivyo, siku nyingine nikiwaita mtakuja?"

Rebeka alitazama pembeni. Mmoja nyuma akanong'ona, "Hata kwenye msiba, sijui."

Ndani ya nyumba Suzana alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena.

"Sema, mwanangu," Rebeka akamsihi, sasa kwa upole, na upole huo ukauma kuliko ukali. "Tamka tu. Tuing'oe?"

Upepo wenye harufu ya mvua ulipanda kutoka ziwani. Wanawake walishusha majembe, wakayaegemea, wakimtazama mdomo. Huko chini mvua ilikuwa imeshayafunika mapaa ya kwanza, ikija kwenye mawe.