Nilivyosamehewa Pale Treni Ilipoanguka

Treni yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto: kichwa kimoja cha bluu na mabehewa mawili. Kazi yake ilikuwa kutoka Sarang'ombe, Kibera, hadi steji ya Kawangware 56 bila kuguswa na mkono wa binadamu. Ikianguka, tumeshindwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya watu wa televisheni, na sisi watu wa kujitolea tuliipokea kwa heshima ambayo hatujawahi kuipa Amri Kumi.

Likizo nzima tulilaza reli za plastiki juu ya mbao. Tulizipitisha nyuma ya vyoo, ndani ya kalvati chini ya Barabara ya Ngong, na katikati ya saluni moja ya Riruta ambako wateja walisukwa wameinua miguu. Filister, muuza omena wa Sarang'ombe, alibomoa meza yake ya biashara ili mbao zake zivushe reli mtaro.

Ikabaki ploti ya baba.

Baba, Mzee Waithaka, ana nyumba za mabati za kupangisha karibu na 56, na hana imani nami. Ana sababu. Shuleni niliwahi kubandika tangazo, lenye muhuri niliouchonga kwa kiazi, kwamba chakula cha mchana ni kuku. Shule nzima ilipiga foleni, naibu wa mwalimu mkuu akiwa mbele. Aliyeshika gundi siku hiyo ni Opondo, anayelala kitanda cha chini yangu bwenini. Niliadhibiwa peke yangu. Sikumtaja, maana kumtaja mwenzako ni dhambi ambayo hata kasisi wa shule haisamehe.

Nilipomwomba baba reli ipite uani, alinitazama kama daktari aliyeshika eksirei mbaya.

"Wee Gathogo. Wapangaji wangu waruke reli mlangoni, halafu uniletee vituko mbele ya TV?"

"Baba, hii sitaichezea. Naapa."

"Umeapa mara ngapi wewe?"

"Hii ndiyo ya kwanza ya ukweli."

Kisha akaenda mlango kwa mlango mwenyewe, akiwaambia wapangaji, "Mvumilie kidogo. Kijana wangu ameniahidi."

Kijana wangu ameniahidi. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote. Nilitembea na maneno hayo siku nyingi, nikiyala moja moja kama karanga.

Siku ya kipindi treni iliondoka Sarang'ombe kwa vigelegele. Ilivuka mtaro. Ilipotea ndani ya kalvati, ikatokea upande wa pili, na watu wazima wakakumbatiana. Ilipoingia kwenye ploti yetu, wapangaji walikuwa wamejipanga kama wanampokea askofu. Baba alivaa koti. Opondo alikuwa ametangulia kukagua reli, kwa kuwa yeye ni wa Sarang'ombe na macho yake ni mazuri.

Karibu na karo la kufulia nguo nilimwona amechutama, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa sandak. Sandak ni za plastiki, hazina kamba.

Kabla sijamaliza kulifikiria hilo, treni ilifika pale. Reli zilikuwa zimeachana. Ikalala ubavu, magurudumu yakizunguka hewani.

Vichwa vyote vikanigeukia, cha baba kikiwa cha kwanza. Kamera nayo ikafuata.

"Si mimi," nilisema.

Nikamtazama Opondo. Nilijua atasema. Na kweli alisema. Alivua kofia, akasimama mbele ya kamera.

"Wazazi wetu, Gathogo mnamjua. Ni mtu wa utani tu. Hakumaanisha vibaya. Mimi kama beste yake, naomba mumsamehe."

Mumsamehe! Nikasamehewa papo hapo, na umati mzima. Mama mmoja aliniwekea mkono kichwani akaniombea. Filister akasema, "Yawa, ni mtoto tu." Baba alimpa Opondo mkono. "Asante, kijana. Asante kwa kumvumilia huyu."

Eugene, mwenye kipindi, akaja na vipokea sauti shingoni. Alisema sheria inaweza kulegezwa mara moja. "Aombe msamaha kwa kamera, turudishe treni, tuendelee. Akikataa, tunafunga hapa."

Nilimvuta Opondo kando ya karo.

"Una sandak, jamaa."

"Bro, tulia. Eugene alisema kipindi bila shida hakuna mtu atawatch. Akasema nikimsaidia nitahojiwa."

"Na mimi?"

"Wewe si watu wamekuzoea? Ingekuwa mimi, wangenimaliza. Wewe wanacheka tu."

"Baba hacheki."

Akaangalia chini. "Omba tu msamaha. Filister alivunja meza yake, bro."

Hapo alinipata. Filister alikuwa amechutama kando ya treni iliyoanguka, mikono nyuma ya mgongo asije akaigusa. Bado alikuwa anafuata sheria.

Nilienda mbele ya kamera. "Ni mimi. Nisameheni."

Walinipigia makofi. Treni ikarudishwa, ikafika 56, makanga wakaishangilia wakisahau abiria. Opondo alihojiwa. Aliongea vizuri sana, kuhusu umoja.

Uani palipobaki patupu, nilimweleza baba yote: sandak, Eugene, kila kitu. Nilimtaja Opondo kwa jina lake na la baba yake. Baba alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, nikaanza kupata matumaini.

"Lakini ulikiri mbele ya watu wote," alisema. "Mimi nikiwa nimesimama pale."

"Nilidanganya ili treni ifike."

"Kwa hivyo uliwadanganya wale, ama unanidanganya mimi sasa?"

Alisubiri jibu. Kwa kweli alisubiri, amesimama na koti lake. Nilirudia, "Si mimi, baba." Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuwaomba wapangaji radhi, mlango kwa mlango.