Darasa la Nne Latafuta Mgogoro

Bu Warsi aliyatua madaftari mezani kwa kishindo, akalitazama darasa lake la nne kama mama anavyowatazama watoto waliomaliza sukari ya nyumba nzima.

"Nimesoma hadithi zenu zote," alisema. "Tangu jana mchana niko kwa bibi. Nimekula ndizi za kukaanga kwa bibi yake Guntur, nikala kwa bibi yake Tegar, nikala kwa bibi yake Wening. Nimeshiba. Sasa niambieni, huko kwa bibi kulitokea nini?"

Aliyejitosa ni Guntur, mtoto wa muuza tofu ya soya, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Tulifurahi, Bu," alijibu, maana huko mwalimu wa kike huitwa Bu, yaani mama.

"Na kabla ya kufurahi?"

"Tulifika salama, Bu."

Basi kazi ilikuwa hiyo. Watoto wa mji wa Temanggung wamelelewa vizuri mno, na malezi mazuri huwa balaa kwa mtunzi wa hadithi. Ukiwaambia waandike ugomvi, watu wao watagombana mstari wa tatu, wa nne wameombana radhi, wa tano wanakula pamoja, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa kupendeza: kwa hiyo sisi sote tunapaswa kupendana. Ubaoni Bu Warsi alikuwa ameandika wahusika, mandhari, mgogoro, kilele, mwisho na dhamira. Tangu Jumatatu neno mgogoro lilikuwa limekaa pale peke yake, bila hata nukta chini yake.

"Tegar, wewe angalau umemleta mwizi wa kuku. Nilifurahi sana kumwona. Lakini mbona anabisha hodi?"

"Ni nyumba ya watu, Bu."

"Mwizi gani anabisha hodi?"

"Mwenye adabu, Bu."

Bu Warsi alifumba macho kidogo, akaomba subira, akayafumbua. "Haya. Leo tunatunga pamoja hapa ubaoni. Nataka mgogoro wa kweli. Watu wasiombane radhi mpaka mimi niseme. Na mtu asinibandikie funzo mwishoni. Dhamira msomaji ataiona mwenyewe, ana macho. Nani ana mgogoro?"

Guntur aliwatazama wenzake, wenzake wakamtazama, kisha akasimama.

"Kuna wanawake wawili, Bu. Wanauza mboga sokoni. Meza zao zimepakana."

"Vizuri sana." Chaki ilianza kukimbia.

"Ni marafiki wa siku nyingi. Wanakula pamoja kila mchana. Sasa mmoja akamwozesha binti yake, akawagawia wauza mboga wote kitambaa cha kushona sare ya harusi. Rafiki yake hakumpa."

Chaki ilisimama. Katika mji ule huhitaji kumweleza mtu uzito wa jambo kama hilo. Kitambaa cha sare ndicho kinachoonyesha nani ni wa ndani na nani amekuja kula tu.

Bu Warsi hakuwa akiuza mboga, lakini miezi minne nyuma alikwenda kwenye harusi akiwa na nguo ya kijani, akawakuta walimu wenzake wote wamevaa rangi ya zambarau. Aliyekuwa akimwozesha binti ni Bu Murti, mwalimu wa darasa la tano, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kwa miaka ishirini Bu Warsi alikuwa akimwita Mbakyu, dada mkubwa, na alimaanisha hivyo. Tangu siku ile hawajasemezana. Likitokea la lazima, hutumwa mtoto: kamwambie Bu Murti naomba ramani, kamwambie Bu Warsi ramani iko kabatini. Aliyetumwa mara nyingi kuliko wote, kwa bahati mbaya, alikuwa Guntur.

Na kesho Bu Murti alikuwa anahama. Leo alikuwa anamaliza kazi, anastaafu, anakwenda kuishi na yule binti huko Samarinda, ng'ambo ya bahari. Kila asubuhi Bu Warsi alijiambia leo nitakwenda kuzungumza naye, na kila mchana alirudi nyumbani hajakwenda, akijichukia. Akiondoka hivi, ndiyo basi.

"Guntur, hadithi hii umeitoa wapi?"

"Nimebuni, Bu."

"Umebuni."

"Ni wauza mboga, Bu."

Darasa zima lilikuwa limeinama likichunguza kucha zake. Bu Warsi angeweza kufuta ubao, na mkono wake ulishaikaribia dasta. Lakini ualimu ni ugonjwa. Huu ulikuwa mgogoro wa kwanza wa kueleweka kupatikana darasani humo, na moyo wake haukukubali kuutupa. Akauandika mahali pake.

"Mhusika mkuu ni nani?" aliuliza, sauti ikiwa imepungua kidogo.

"Aliyenyimwa kitambaa, Bu."

"Anataka nini?"

"Kitambaa," alisema Tegar.

"Harusi imeshapita, atakifanyia nini?" Guntur akamdaka. "Pazia?"

Wakacheka, naye Bu Warsi akacheka bila kupenda. Hapo Wening akanyoosha mkono, Wening ambaye ukimuuliza jina lake hulitaja kama ameliazima.

"Anataka afuatwe, Bu. Afuatwe yeye kwanza."

"Na nani anamzuia asiende yeye?"

Wening alifikiri. "Hakuna, Bu. Anajizuia mwenyewe."

Bu Warsi aliandika sentensi hiyo pole pole, akiwa amewapa mgongo, kwa sababu uso wake haukuwa wa kuonyeshwa watoto. "Haya," alisema. "Kilele."

"Mmoja anahamia soko la mbali," alisema Guntur. "Kesho."

"Mwisho?"

"Waombane radhi," alisema Tegar kwa matumaini makubwa. "Wote wawili kwa pamoja."

"Kwa pamoja vipi? Nani ananyanyuka kwanza?"

"Bu ndiye aliyetufundisha," alisema Guntur, na upole wake ulikuwa wa kumtilia mashaka, "kwamba mwisho hautoki hewani, lazima utokane na mhusika mkuu. Sisi tumemfikisha hapo, Bu. Kumnyanyua hatuwezi."

Bu Warsi aliweka chaki chini. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akasema "Nyie someni," bila kusema wasome nini, akatoka. Barazani alitaka kurudi. Akaona aibu ya kurudi ni kubwa kuliko ya kwenda.

Bu Murti alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye maboksi huku darasa la tano likinakili. Bu Warsi aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akauinamia hadi kwenye paji la uso, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa wake.

"Mbakyu, kile kitambaa kiliniumiza."

Watu wa kule hawasemi maneno kama hayo kwa mdomo. Masikio yake yaliwaka moto. Darasa la tano likaacha kunakili.

"Kilipungua cha mtu mmoja," alisema Bu Murti. "Na dukani rangi ile ilikwisha. Nikawaza nimruke nani. Wale wote ni wageni wangu, Warsi. Nikakuruka wewe kwa sababu wewe si mgeni."

"Si ungeniambia."

"Nikupigie magoti kama mtu baki? Nilijua utakuja na nguo yoyote, uingie moja kwa moja jikoni, unigombeze mbele ya masufuria, yaishe. Wewe ukaenda kukaa kwenye viti vya wageni. Ukala, ukaaga. Nikasema basi, mdogo wangu amenikataa."

Bu Warsi alikikumbuka kiti kile, na jinsi alivyokikalia wima mchana kutwa akisubiri kuonewa huruma, hatua chache kutoka jikoni. Machozi yakamtoka waziwazi.

"Miezi minne, Mbakyu."

"Miezi minne. Na gari linakuja kesho asubuhi." Sauti ya Bu Murti nayo ilikuwa inatetemeka, lakini ulimi haukukosa la kusema. "Mwalimu mzima analia kwenye darasa la watu. Njoo ukae."

Akamsogezea kiti. Bu Warsi alikitazama, akakisukuma kando, akachuchumaa sakafuni na kuanza kupanga vitabu kwenye boksi.