Nane Kwenye Paja la Dada

Nilikuwa naandika nane kwenye paja la dada yangu pale kivuli cha mwalimu kilipotua juu ya dawati letu.

Kidole changu kilikuwa kimemaliza duara la juu, kinateremka kufunga la chini. Darasani kulikuwa na kimya kile cha mtihani, kalamu zikikwaruza, mtu akivuta kamasi huko nyuma. Dada hakuwa na habari. Alikuwa amefumba macho, kama alivyofanya siku zote ili aisome vizuri ngozi yake mwenyewe. Akayafumbua, akaandika 8 kwenye karatasi, ndipo akaona viatu.

Za mwizi ni arobaini, wanasema. Sisi tulikuwa tumekula miaka miwili.

Dada amenitangulia kuzaliwa, lakini alirudishwa darasa mpaka nikamkuta, tukawekwa dawati moja. Mwanzoni nilimgongea majibu kwa kidole: jibu likiwa saba, namgonga mara saba. Wapi! Zikizidi nne zilimponyoka. Ndipo nikaanza kumchorea. Umbo la nane alilijua. Ukimuuliza kama nane inaizidi sita, hapo unamwonea tu. Na huyohuyo ndiye aliyesoma gazeti zima akiwa na miaka saba, na insha zake mwalimu wa lugha alizisoma mbele ya darasa hadi sisi wengine tukachukia.

Mama alikuwa msusi, na alijaribu kila alichokijua. Alimsimamisha Dada kando ya kiti cha wateja, aghani jedwali la kuzidisha huku yeye anasuka. Jumatatu analo lote, Jumanne limefutika. "Kichwa maji huyu," Mama aliwaambia wateja, akicheka, lakini vidole vikivuta nywele mpaka mwenye kichwa anapiga yowe.

Siku moja hakucheka. "Mtoto anayesoma gazeti hawezi kushindwa kujumlisha," alimwambia. "Unanikomoa wewe."

Tangu hapo, kila asubuhi yenye kipindi cha hesabu, tumbo lilimkata Dada.

Sasa viatu vile vilikuwa vya mwalimu mpya, mama mmoja tuliyemwita Bi Taratibu kwa sababu hata kengele haikumharakisha. Hakufoka. Aliinama tu akasema, "Wenzenu wakitoka, nyinyi mbaki."

Alitupeleka stoo ya vitabu. Nilikuwa nimeshakaza mwili nikingoja fimbo. Badala yake alimwaga mezani vifuniko vya chupa.

"Viko vingapi?"

Dada akavigusa kimoja kimoja. "Vitano."

Mwalimu akavitawanya, bila kuongeza wala kupunguza. "Na sasa?"

Dada akaanza tena. Kimoja. Viwili. Nilitazama ukutani, nikaona haya kwa niaba yake.

"Mbona umehesabu upya?" Mwalimu aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Labda vimebadilika, mwalimu."

Bi Taratibu akavikusanya vifuniko. "Saa unaisoma? Unajuaje muda wa kwenda nyumbani?"

"Namwangalia mdogo wangu. Akifunga begi, na mimi nafunga."

Mimi niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja sikuwahi kulijua hilo.

Kisha mwalimu akanigeukia. "Na wewe, mchoraji. Umechoka?"

Nilikuwa nimejiandaa kukana, kulia, kuomba msamaha. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nimechoka, mwalimu," nikasema.

Kesho yake Mama aliitwa. Alikuja mafuta ya nywele yangali vidoleni, uso umeshajaa hasira za njiani. Mwalimu akamweleza pole pole, sisi wawili tukiwa palepale, kwamba wapo watoto wenye akili timamu ambao namba haziwakai kichwani, kama vile wapo watu wenye masikio mazima ambao wimbo hauwakai. Si uvivu. Si ujinga. Kumpigia kelele ni kumwongezea hofu tu.

"Tatizo hili limemwanza lini?" Mama aliuliza.

"Nadhani amezaliwa nalo, mama."

Mama akatazama mikono yake. "Kwa hiyo hakuwa ananikomoa."

"Hata kidogo."

Mama akashusha pumzi ambayo naamini alikuwa ameibana miaka. Akamvuta Dada, akakishika kile kichwa alichokiita maji, akakilaza kifuani. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Dada akalia kwa kwikwi. Nami nikalia, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Mimi nilihamishiwa dawati la mbele. Dada akabandikiwa ukanda wa namba juu ya dawati lake, akapewa karatasi ya miraba ili tarakimu zisipandane, na jedwali la kuzidisha likawekwa waziwazi mbele yake. Kwenye mtihani akaongezewa muda. Kila alasiri, dakika kumi na vifuniko, hakuna saa, hakuna kuharakishwa. Siwadanganyi, hakugeuka bingwa. Leo ni mhariri wa vitabu, na namba za kurasa bado humpatia mtu mwingine azikague. Ila wiki ya tatu niligundua kwamba asubuhi hashiki tena tumbo.

Mwisho wa muhula alipata thelathini na sita kwa mia. Nilikuwa nimekaa mbali naye. Hata alama moja haikuwa yangu. Alitembea na karatasi yake njia nzima ameikunjua, upepo ukiipigapiga.

Mama aliisoma mara mbili. Halafu akaibandika juu ya kioo cha saluni, katikati ya picha za mitindo ya nywele.

Jumamosi mteja mmoja akaikodolea macho. "Thelathini na sita? Ndiyo ya kubandika hiyo?"

"Inamisha kichwa," Mama akamwambia, "nikumalizie kisogoni."